Wiki Moja Mpulungu Bila Kutoka Bangwe

Jumatatu, 3 Machi 1997

Uamuzi umepita. Umepita kwa kura moja, yangu. Tunahamia Mpulungu, Zambia.

Mji mzima unapokea watu. Mitumbwi inaleta watu kutoka Zaire, vita vinaleta mashirika, mashirika yanaleta wazungu, wazungu wanataka nyumba. Mimi dalali. Nimewapangishia wazungu nyumba za wenzangu kwa dola, kisha nikarudi kulala katika yangu bure. Bure! Vyumba vitatu hapa Bangwe, ziwa linaonekana ukisimama juu ya ndoo. Leo nimeamka nikauona upumbavu wangu. Nyumba ipangishwe kwa shirika. Sisi twende tukaishi Mpulungu, ambako baharia mmoja wa meli ameniapia kwamba vitu ni rahisi mpaka wauzaji wanaona haya. Kodi ya huku itatulisha kule. Wengine wanakimbilia kwetu, mimi natoka. Sijawahi kufuata mkumbo.

Nilimsomea mke wangu Hasna bajeti akiwa anachambua mchele. Unga, mboga, mkaa, sabuni. Safi, haina nyama ya ziada. Akauliza michango ya misiba iko wapi. Nikasema kule hatujui mtu, kwa hiyo hafi mtu. Akauliza wanasema lugha gani. Nikasema wanaelewa. Akauliza nani atamshika mtoto mdogo yeye akiwa kazini. Nikasema hatakuwa na kazi.

Hapo akaacha kuchambua.

Hasna anaanika dagaa Kibirizi. Ana mahali pake pale mchangani, alipoachiwa na marehemu mama yake. Hapana karatasi, hapana uzio. Wanawake wa pale wana sheria moja tu: mahali ukipaacha patupu wakati wa giza, zile siku zisizo na mwezi ambazo wavuvi hutoka na taa za karabai, basi si pako tena. Anaanika atakayewahi. Tukienda Mpulungu, pamekwenda. Akaniuliza kama hilo limo katika bajeti. Nikasema bajeti ni ya matumizi, si ya michanga.

Akatoa sharti. Tuishi wiki moja hapahapa kama tuko Mpulungu: sisi wawili na watoto watatu, kwa bajeti yangu, bila msaada wa mtu. Nikifaulu, anaacha Kibirizi na kupanda meli. Nikishindwa, nisilitamke tena neno "nje," hata ninapokwenda chooni.

Nimekubali kabla hajamaliza. Maskini, hajui anacheza na nani.

Jumanne, 4 Machi

Saa moja asubuhi. Mpulungu hakuna chai.

Hakuna chai kwa sababu hakuna moto. Hakuna moto kwa sababu hakuna kiberiti. Hakuna kiberiti kwa sababu hakimo katika bajeti, na hakimo kwa sababu miaka kumi na mitano ya ndoa sijawahi kukinunua. Kila alfajiri mtoto huenda na kijiko cha bati kwa jirani yetu Honorata, analeta kaa la moto, tunapuliza. Nani ananunua kiberiti? Leo nikamzuia mtoto mlangoni. Nikamwambia Honorata yuko nchi nyingine.

Hasna aliondoka kwenda Kibirizi bila chai, akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Watoto walikwenda shule wakinuna. Nimenunua kiberiti. Pesa imetoka fungu la sabuni. Kuoga si lazima kila siku, hasa ugenini.

Nimetangaza kizingiti kuwa mpaka. Mchana Honorata akaleta sahani ya mihogo, kama anavyofanya akipika. Nikairudisha. Akauliza, "Baba Zuhura, tumekukosea nini?" Nikamweleza kwa upole kwamba kwa wiki hii tuko Zambia. Akatazama ziwani. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya, wasalimie," akaondoka na mihogo yake.

Ilikuwa mihogo ya nazi. Naiandika kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Jioni akapita Pastory. Huyu ni dalali wa Katubuka, mwenye baiskeli ya kengele mbili kana kwamba moja haimtoshi. Kila nyumba ninayoiona mimi leo, yeye ameiona jana. Akasimama barabarani akapaza sauti kuuliza kama Zambia imenyesha. Sikumjibu. Simu za kimataifa ni ghali.

Jumatano, 5 Machi

Imenyesha. Huku na Zambia.

Mvua iliwakuta Kibirizi dagaa wakiwa wamelala mchangani. Hasna anasema wanawake walikimbia na maturubai wakisaidiana, na Leonia, jirani yake wa mchangani, aliacha wake akamsaidia yeye kukunja. Hata hivyo beseni moja lililowa. Dagaa waliolowa hawauziki kwa wachuuzi wa Dar, hivyo siku zote huja nyumbani wakawa mboga. Nikawaona nikafurahi. Mboga ya bure!

Hasna akaweka mkono juu ya beseni. Akasema Mpulungu hakuna Kibirizi. Kama nataka dagaa, ninunue.

Nikamwambia asinitanie, mke wangu. Akauliza, "Mke wako nani? Mimi muuza dagaa. Fungu hilo, na hilo kubwa lina bei yake." Nikaomba anipunguzie. Akasema hanijui. Nikasema nitalipa kesho. Akawageukia watoto akawaambia watazame vizuri, hivi ndivyo wageni wanavyoanza utapeli.

Nimenunua dagaa kutoka kwa mke wangu, kwa bei ya sokoni, dagaa waliolowa, ndani ya nyumba yangu. Akazihesabu pesa mara mbili mbele yangu. Kisha akampakulia muuzaji wao, yaani yeye mwenyewe, sahani kubwa kuliko yangu.

Bajeti ya leo imepasuka. Nimeziba kwa kutokula usiku. Nimewaambia watoto kwamba Zambia watu hulala mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo mawili makubwa. Yote ni ya akili.

La kwanza. Nimeonana na Bonaventura, anayetafuta nyumba za kupanga kwa niaba ya shirika moja la wakimbizi. Mtu wa Kasulu, anavaa soksi nyeupe mwezi wa masika. Anataka nyumba yenye bomba ndani. Nikasema ninayo. Akasema atakuja kuiona Jumapili. Nikasema karibu.

Sina bomba ndani. Basi nimenunua koki nzuri ya shaba, kipande cha mpira na pipa. Pipa liko uani juu ya matofali, limefunikwa turubai. Mpira unapenya ukutani, koki inatokea sebuleni. Watoto wamelijaza pipa maji ya ziwani. Nimeijaribu: maji yanatoka kwa kishindo. Nyumba imepanda hadhi kwa mchana mmoja. Sasa ni nyumba ya mzungu.

La pili. Pesa za koki zingetoka wapi? Nilikwenda kwa Leonia, yule yule jirani wa mchangani, nikamwuzia kwa siri mahali pa Hasna. Si kuuza hasa. Nimempa ahadi, naye amenipa pesa kidogo ya kishika mkono. Nikamwambia Jumatatu Hasna anaacha kazi, aanike atakavyo. Leonia akauliza mara tatu kama Hasna anajua. Nikasema mimi ndiye kichwa cha nyumba. Akasema ndiyo maana anauliza.

Hasna nitamwambia Jumatatu. Wiki ikifaulu atafurahi, na wiki itafaulu. Kwa hiyo ni kama nimemwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Tumevamiwa.

Hasna amerudi kutoka Kibirizi na watu sita. Walishuka kwenye mtumbwi alfajiri, yeye akiwa anaanika, akasikia mtu anamwita kwa jina la utotoni. Ni mjomba wake, Mzee Swaibu wa Baraka, kule Zaire, ndugu wa mama yake, na mkewe Bi Mwanamvua, na wajukuu wanne. Walitoka sita, wamefika sita. Nyumba yao imechomwa. Mzee hakubeba nguo wala godoro. Amebeba sufuria. Ile sufuria kubwa ya msikiti wao, ya pilau la maulidi, inayopikia watu mia. Yeye ndiye mtunzaji wake. Akasema watu wanaweza kutawanyika, lakini amana ni amana. Imeingia sebuleni kwa ubavu. Tunaizunguka tukipita.

Nikampa shikamoo. Kisha nikamvuta Hasna pembeni nikamweleza kwamba wageni hawawezi kuja. Tuko Mpulungu. Wangejuaje anwani? Akasema, "Walijua kuuliza." Nikasema hawamo katika bajeti. Akasema nikawaambie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, Mjomba akiwa amekaa pale na miguu imevimba.

Sikuwaambia. Mimi ni mkaidi, si mnyama.

Lakini dalali hapotezi nafasi. Huyu mzee amehamia nchi ya nje leo hii, na familia nzima! Nani ana takwimu mpya kuliko yeye? Nikakaa naye, nikachukua kalamu, nikamwuliza gharama za kuishi ugenini ni kiasi gani kwa siku. Akafikiri kwa makini, kama mtu anayetaka kusaidia. Akasema, "Mkwe, inategemea umefikia kwa nani."

Nikaandika. Kama takwimu, haina namba.

Mchana habari ikaenea. Honorata akaja na unga, akaniambia kwamba huu si wangu, ni wa wageni, nisiurudishe. Wa nyumba ya pili wakaleta mkaa. Mwingine mawese, mwingine mkeka, mwingine samaki wabichi, migebuka miwili. Mpaka umevukwa siku nzima na sikuwa na askari. Jioni nikajumlisha. Watu kumi na mmoja wamekula wakashiba, na kutoka fungu langu hakijatoka kitu.

Hakijatoka kitu! Nikamwambia Hasna bajeti imefaulu, imefaulu kupita kiasi. Akasema majirani wakikulisha, hiyo siyo nje. Nikamjibu kwamba aliyelishwa ni Mjomba, na Mjomba yuko nje. Sisi tumekula kama watu walio pamoja naye. Akaenda kumtandikia Mjomba mkeka. Hoja haikuwa na mlango wa kutokea.

Jumapili, 9 Machi

Bonaventura alikuja saa nne. Aliletwa kwa baiskeli. Kengele mbili. Pastory! Anasema walikutana njiani kwa bahati. Bahati ya Pastory huamka mapema.

Nilikuwa nimewaomba wageni wakae uani kidogo. Mjomba alikubali kila kitu isipokuwa kuiacha sufuria. Kwa hiyo Bonaventura aliingia sebuleni akamkuta mzee amekaa kando ya sufuria ya watu mia kama mlinzi wa benki. Wakaamkiana. Bonaventura akauliza kama sufuria inabaki na nyumba. Mjomba akasimama. Nikamkalisha.

Nikamwonyesha koki. Akaifungua, maji yakatoka kwa kishindo. Nikamtazama Pastory. Ilikuwa dakika nzuri ya maisha yangu. Bonaventura akafurahi, akaomba sabuni anawe mikono, akapaka mpaka kwenye viwiko. Maji yakakoroma. Yakawa uzi. Yakakatika.

Bi Mwanamvua alikuwa uani. Mtu wa kazi, hawezi kukaa bure. Aliliona pipa, akaona ni baraka, tangu asubuhi alikuwa akiteka humo kufulia nguo za wajukuu. Akachungulia dirishani akasema kwa furaha, "Baba, maji ya pipa yamekwisha, aksanti sana!"

Bonaventura akauliza pipa gani. Pastory akasema kwamba Katubuka anayo nyumba, bomba lake linatoka ardhini kama mabomba mengine. Wakaondoka wote wawili, Bonaventura amekaa nyuma ya baiskeli, mikono juu, povu halijakauka.

Nimewaandikia kushindwa kwao hapa. Nyumba yenye ziwa wameiacha kwa sababu ya maji!

Hasna hakucheka. Aliniuliza koki ya shaba imetoka fungu gani. Nikasema dharura. Akaniuliza fungu la dharura linaandikwa wapi. Nikamwambia asiulize mpaka kesho, wiki iishe. Akamwita Bi Mwanamvua wakaongea jikoni kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki imekwisha. Naandika kwa mkono uliovimba.

Asubuhi Hasna hakwenda Kibirizi. Alimpeleka Zuhura zahanati kwa homa, na Mjomba kwa miguu yake. Nikaona Mungu amenisaidia: Leonia aanike kwa amani, mimi nipate siku nzima ya kupanga maneno. Lakini saa tatu akaja mtu mbio. Kibirizi kuna ugomvi, niende.

Nilipofika, Leonia alikuwa amesimama na mabeseni matatu ya dagaa wabichi. Mbele yake mahali pa Hasna pamejaa. Dagaa wametandazwa kuanzia pembe hadi pembe, na katikati ameinama Bi Mwanamvua, kitenge kimefungwa kifuani, anawapindua kwa ufagio. Leonia alisema mahali hapa amelipia. Bi Mwanamvua alisema yeye hajui, amepewa kazi na binti wa wifi yake, alianza jana mchana, ataanika mpaka atakapoambiwa aache na aliyempa. Wanawake wote wa mchangani walikuwa wameacha kazi. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Kisha akafika Hasna, moja kwa moja kutoka zahanati.

Leonia alimwambia kila kitu. Hakuongeza wala hakupunguza, nampa haki yake. Hasna hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni kweli. Nikaanza kueleza kuhusu kodi, dola, baharia. Akasema, "Baba Zuhura, nimekuuliza kitu kimoja." Nikasema ni kweli.

Mama mmoja mzee wa pale, aliyemjua mama yake Hasna, akauliza: mahali hapa palilala patupu siku gani ya giza hili? Wakajibizana. Mvua ya Jumatano, Hasna alikuwepo. Jumamosi alikuwepo mpaka mtumbwi ulipofika. Jana na leo yuko huyu mama wa Baraka, mtu wa familia. Basi hapajalala patupu. Hakuna cha kununua, na aliyenunua amenunua maneno. Wakamhamishia Leonia mabeseni yake hadi mahali pake mwenyewe, wakiyabeba wote pamoja, ili dagaa wasiharibike.

Hasna amebaki na mahali pake. Nimeshuhudia. Alikwenda akasimama pale katikati, akavua viatu, akachukua ufagio wa pili.

Leonia akataka kishika mkono chake. Kiko ukutani, sebuleni, kina umbo la koki. Ikaamuliwa, bila kuniuliza, kwamba nitambebea magunia yake kutoka mchangani hadi kwenye magari mpaka giza liishe. Nimeanza leoleo. Gunia la dagaa si zito. Ni refu.

Jumatano, 12 Machi

Nimehama.

Hasna amenipangia chumba cha uani, kile cha kuku. Kuku wamehamishiwa jikoni. Chumba changu amepewa Mjomba na familia yake, mpaka mambo ya kambi yao ya wakimbizi yatakapokaa sawa. Sahani yangu inapita dirishani. Nikitaka chumvi zaidi, nalipa. Asubuhi nilibisha hodi kuomba kaa la moto. Akauliza kwa adabu kabisa mgeni anatoka nchi gani.

Watu wa mtaani wanacheka. Wacheke. Mimi nasema wazi kwamba jaribio halikushindwa. Liliingiliwa. Wiki ya kweli haina mjomba, haina zahanati, haina Pastory. Nitadai irudiwe, na safari hii kwa nchi yenye mpangilio.

Tena kazi ya kubeba inampa mtu nafasi ya kufikiri. Leo, nikiwa na gunia la nne, nimeliona jambo ambalo wanawake wote wa Kibirizi hawajaliona. Sheria yao inahusu giza. Ni ya giza peke yake! Mwezi ukishapevuka wavuvi hawatoki, dagaa hawaji, na mahali pa Hasna panakaa patupu siku nyingi bila kosa. Mahali patupu hapamfanyii mtu kazi. Mtu mwenye akili anaweza kupapangisha siku zile, kwa kuanikia mihogo, nguo, mitumba, chochote. Kodi inaingia, Hasna hapotezi hata punje ya mchanga, na nauli ya Mpulungu inapatikana kabla ya masika kwisha. Hana haja ya kujua. Angejua angekuwa na wasiwasi tu.

Nikamweleza Leonia, kwa sauti ya chini, nikiwa bado na gunia kichwani. Mteja wa kwanza, bei ya kirafiki.

Leonia alisimama. Akaweka beseni chini. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kwenye gunia, polepole, kama mtu anayepima. Kisha akasema, "Beba gunia."

Hakukataa.